Tope, Chumvi na Baibui: Kuishi na Pikipiki ya Safari Pemba

Pikipiki yangu ina kilo zinazokaribia 200. Mimi nina 58. Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu kila anayenikuta nimesimama Wete anaifanya kimoyomoyo, na salamu zikishaisha swali lake ni hilohilo: "Bi Daktari, dude hili unaliwezaje?"

Kwa vyeti mimi ni afisa mifugo, ila shamba kila mwenye sindano ni daktari. Nakaa Wete, ofisi iko Chake Chake, na ng'ombe, mbuzi na kuku ninaowaangalia wametawanyika kutoka Makangale mpaka Micheweni na kushuka Kangagani. Wiki moja inanipitisha lami, tope, mawe na mchanga, na kwenye mkutano wa saa 2 asubuhi natakiwa niingie na baibui safi kama aliyeshuka garini.

Watu wanadhani ubora wa pikipiki ya namna hii ni kupita pabaya. Kupita pabaya mara moja hata baiskeli inapita, ukiisukuma. Mtihani ni mashine iliyotoka bondeni Jumapili magharibi iwake Jumatatu saa 1 bila kukupigia kelele, na iendelee hivyo miaka. Karibu yote nitakayoyasema humu yanahusu hiyo Jumatatu.

Kuchagua

Yangu ni Royal Enfield Himalayan ya toleo la mwanzo: silinda moja, cc 411, karbureta, haina ABS, yaani breki zinazozuia gurudumu lisijifunge. Niliinunua mkononi mwa mtu Unguja ikiwa imeshatembea. Nilichokipenda ni kiti chake, kimo cha milimita 800, ambacho kwa pikipiki za safari ni cha chini. Tangi la lita 15. Tumbo lililoinuka milimita 220 kutoka ardhini. Na gurudumu la mbele la inchi 21, ambalo jiwe linalipanda badala ya kuligonga. Nisichokipenda nimeshakitaja kwenye mstari wa kwanza.

Ukiniuliza leo, na huna mzigo wa kazi kama wangu, nitakwambia utafute pikipiki ya cc 250 ya Kijapani iliyotumika, Yamaha Serow au Honda XR. Zina kilo 130 hivi. Hizo kilo 70 za tofauti huzisikii kabisa barabarani. Unazisikia siku pikipiki imelala kwenye tope na mvua inanyesha na wewe uko peke yako. Mimi nimebaki na hii kwa sababu nabeba kibaridi cha chanjo, sanduku la dawa na mara nyingine mtu, na ikiwa na mzigo wote huo inakwenda imetulia kama haijabebeshwa kitu.

Usijaribu pikipiki mbele ya duka, kwenye sakafu. Pemba haina sakafu. Ni mlima na bonde, mlima na bonde. Ipeleke kwenye mteremko, simama katikati, njia ikiwa imeinamia kushoto, kisha tafuta ardhi kwa mguu wa kushoto. Ukiikosa hapo, utaikosa siku ya mvua mbele ya watu. Mimi nilimpa mshona viti akanipunguzia sponji kama sentimita 2, na nikajifunza kuteremsha nyonga upande mmoja wa kiti ili mguu mmoja ukanyage kisawasawa. Miguu yote miwili ikigusa kwa ncha za vidole haikusaidii kitu.

Jambo jengine la kuliwaza kabla ya kutoa pesa: tyubu. Wete na Chake utapata tyubu za inchi 17 na 18 kwenye kila banda la pancha, maana ndizo za pikipiki za kila siku. Ya inchi 21 utazungushwa mpaka uchoke. Basi nina mbili, moja nyumbani na moja imefungwa kwenye pikipiki. Uzuri ni kwamba ya 21, kwa shida, inaingia hata kwenye gurudumu la nyuma la 17. Itajikunja kidogo, utakwenda taratibu, lakini nyumbani utafika. Ya 17 huwezi kuilazimisha mbele.

Nguo

Sehemu hii wanaume wanaweza kuiruka, ingawa wanaobeba wake zao na mama zao ningewaomba wasiiruke.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nateremka bonde moja nje ya Wete, nikahisi mtu ananivuta nyuma. Sikuwa na abiria. Pindo la baibui lilikuwa limeingia kati ya cheni na sproketi ya nyuma, na kila gurudumu likizunguka lilikuwa linakula kitambaa zaidi. Nilibana klachi, nikasimama nikiwa nimelalia kiti kama aliyepigwa, nikakata nguo kwa kisu cha kazini. Baibui lilikwisha. Mimi nilipona na mchubuko wa bega. Ningekuwa kwenye kasi, au mtandio ndio ungeshikwa, nisingekuwa naandika.

Cheni iko kushoto, kwa hiyo pindo la kushoto ndilo la kuchunga. Siku hizi navaa suruali nzito, juu yake gauni la kufika magotini ambalo fundi cherehani alilipasua pande zote mbili ili niweze kutanua miguu, na baibui nimelikunja ndani ya mfuko wa plastiki kwenye sanduku. Nikifika ofisini nalivaa juu ya yote, dakika 2. Kwa safari fupi ya sokoni, ambapo kubadilisha ni usumbufu, nalikusanya baibui lote mbele, nalikalia, kisha nafunga kiuno kwa kipande cha kanga iliyochakaa. Mkanda wa kung'aa hauna kazi, unateleza.

Chini ya kofia ngumu vaa kikofia cha pamba kinachobana, na usibakishe pini hata moja. Pini ya mtandio ikipata kishindo ndani ya kofia haina pa kwenda ila kichwani. Ncha za mtandio ziingie ndani ya jaketi, zipu juu.

Abiria anayekaa upande ana matatizo mawili: miguu ikiwa kushoto iko kwenye cheni, ikiwa kulia iko kwenye ekzosi ya moto. Mama yangu nilimweleza hivyo akafikiri kidogo, akasema basi atapanda dala. Ni uamuzi mzuri pia.

Buti za mpira ni za zizini. Zinateleza kwenye gia na hazikingi kifundo cha mguu. Nina buti za ngozi za kupandia, na za mpira zimefungwa nyuma ya kiti zikining'inia kama bata.

Asubuhi barabarani

Kutoka Wete mpaka Chake kwa njia ya zamani ni kama kilomita 30, kona baada ya kona chini ya miti. Kivuli ni kizuri kwa uso lakini lami yake haikauki. Mvua iliyonyesha usiku utaikuta pale mpaka saa 4, ikiwa na majani juu yake, na msimu wa maembe kuna maembe yaliyokanyagwa na magari. Embe bovu kwenye kona ni sabuni. Kwa hiyo breki zangu zote ziko kabla ya kona, pikipiki ikiwa imesimama wima, na ndani ya kona nashika mafuta kidogo tu ya kuibeba.

Taa iwake mchana. Dala ya 606 haisimami kituoni, inasimama inapoitwa, na kondakta anateremka kabla gari haijatulia. Gari za ng'ombe za magharibi hazina taa; utaona kwanza macho ya ng'ombe. Wanafunzi wa skuli wanatembea watatu watatu na yule wa kati ndiye anayekimbia.

Halafu karafuu. Msimu ukifika, majamvi yanatandikwa kila penye jua, na pembeni mwa lami ndipo penye jua kuliko pote. Karafuu chini ya tairi inazunguka kama punje za pilipili manga, na tairi ya nyuma inaondoka bila taarifa. Ukiona jamvi moja, jua baada ya kona kuna kumi. Punguza, kaa katikati ya njia yako, usiguse breki ya mbele juu ya punje zilizomwagika. Na ukipita juu ya jamvi la mtu, simama uombe radhi na umsaidie kuzoa. Mimi nahitaji ng'ombe wa mtu yuleyule wiki ijayo.

Upepo wa tairi

Kama utachukua kitu kimoja humu, chukua hiki: nunua kipimo cha upepo, kile cha umbo la kalamu, na pampu ya baiskeli. Hakuna kitu cha bei ndogo kilichonibadilishia pikipiki zaidi ya hivyo viwili.

Namba zangu, kwa psi, nikiwa na mzigo wa kawaida: lami, mbele 25 na nyuma 32. Tope na mchanga, mbele 18 na nyuma 22. Maweni, yaani upande wa mashariki wa Micheweni na Kiuyu ambako ardhi ni mawe ya matumbawe yenye makali, narudisha mbele 25 na nyuma 30. Hapo watu wengi wanakosea, nami nilikosea. Wanaambiwa "nje ya lami punguza upepo", wanapunguza kila mahali. Nilitoka kwenye mchanga nikiwa na 18, nikaona uvivu kupiga pampu, nikaingia maweni. Jiwe moja la kawaida kabisa likaibana tyubu dhidi ya rimu, matundu mawili sambamba kwa mpigo mmoja. Dakika 5 za pampu nilizozikwepa zilinigharimu saa 2 za jua, na mbuzi wa Kiuyu wakinitazama.

Kufungua tairi njiani jifunze nyumbani kwanza, siku ya mapumziko, kwenye kivuli. Siri yake ni moja: upande wa tairi ulio mkabala na ule unaoutoa lazima uuzamishe kwenye bonde la katikati la rimu. Kanyaga kwa magoti mpaka uzame. Ukifanya hivyo vyuma viwili vifupi vinatosha na sabuni kidogo. Usipofanya, hata nondo ya mita haitoshi, na utaitoboa tyubu mpya kabla hujaipanda.

Tope

Mabonde ya mpunga ya Pemba yana udongo wa mfinyanzi ambao ukilowa si udongo tena, ni gundi. Unashika tairi mpaka meno yote yanajaa na unabaki umepanda kigurudumu laini kama chupa. Unapanda pia kwenye nafasi kati ya tairi na madigadi ya chini, unajikaza, na gurudumu la mbele linagoma kuzunguka. Mara ya kwanza nilidhani breki imeshika. Udongo wetu unaweza kujaza nafasi yoyote utakayoiacha. Msimu wa masika nafungua madigadi ya chini kabisa na kubaki na ya juu. Gharama yake ni kwamba tope linarukia kipoza oili mbele ya injini, kwa hiyo jioni kile ndicho cha kwanza kuoshwa. Kikizibwa injini inachemka kwenye mlima wa kesho. Nina pia kijiti cha mwanzi kimefungwa kwenye usukani kwa ajili ya kuchokonoa.

Namna ya kupita: kabla ya kuingia, simama, tembea kwa miguu uone. Hii si woga. Ukiingia, gia ya 2, simama kwenye vikanyagio, magoti yabane tangi kidogo, macho yawe mwisho wa tope si kwenye gurudumu. Mafuta yawe sawasawa, kama unavyomwaga uji. Pikipiki itacheza chini yako kulia na kushoto. Iache icheze, mikono ilegee. Anayeng'ang'ania usukani ndiye anayeanguka. Ukikuta mifereji ya gari za ng'ombe, chagua mmoja ukae humo mpaka mwisho. Kuhama mfereji katikati ni kulala chini.

Kuteremka: gia ya 1, klachi usiiguse, injini ndiyo ikushike. Breki ya nyuma kidogo, ya mbele vidole viwili kwa upole. Ukibana klachi kwenye mteremko wa tope umeifungua kamba ya ng'ombe.

Na utaanguka. Ikilala, zima injini, funga bomba la petroli, pumua. Ikiwa imelalia kulia toa stendi ya kushoto kabla hujaiinua, ili isipitilize ikaangukia upande wa pili. Ikiwa imelalia kushoto iache kwenye gia na uwe tayari kuitoa stendi ikisimama. Pinda usukani mpaka mwisho kuelekea chini. Kisha ipe mgongo: makalio kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja usukani, mmoja kwenye chuma cha nyuma, mgongo wima, na utembee kinyumenyume kwa hatua fupi. Miguu ndiyo inayoinua. Kiuno hakina kazi hapo. Kwenye mfinyanzi buti zinateleza, basi nakata kuti la mnazi, natandika, nakanyaga hapo. Kilo 58 zinainua kilo 200 kwa namna hiyo, nimefanya zaidi ya mara ninazotaka kukumbuka. Miaka ya mwanzo watu walikuwa wanakuja kutazama. Sasa wanakuja kuinua, na mimi siwazuii.

Maweni sina mengi ya kusema zaidi ya upepo. Nenda taratibu, simama kwenye vikanyagio, usiruke jiwe la kukatisha ukiwa umeinama kona, na kagua bati la kukinga tumbo la injini mara moja kwa wiki. Bolti zake zinalegea kwa mtikisiko.

Mchanga, na ufuko usioutaka

Ukishapita Ngezi, chini ya miti ile mikubwa, na kukata kuelekea Vumawimbi, mchanga unaanza. Shusha upepo, kaa nyuma kidogo ya kiti, ongeza mafuta pale moyo unapokwambia upunguze. Mchanga unataka mwendo. Ukisita gurudumu la mbele linajichimbia. Ukitaka kusimama, achia mafuta tu, usishike breki ya mbele.

Kisha utafika ufukweni maji yamekupwa, utaona mchanga umekaza kama lami, mweupe, mrefu, hapana mtu. Utatamani. Nilitamani na mimi. Nilikwenda nao nusu saa nikijihisi malkia, nikasimama kupiga picha, stendi ikazama, pikipiki ikalala, na ilikuwa siku ya bamvuo. Wasiozaliwa pwani niwaambie: siku za bamvuo tofauti ya kupwa na kujaa kwetu inafika karibu mita 4, na kwenye ufuko tambarare maji hayaji kwa kupanda, yanakuja kwa kutembea, na yanatembea kwa kasi ya mtu mwenye haraka. Wavuvi wawili walinisaidia kuitoa maji yakiwa yameshafika kwenye spoki. Nikawashukuru nikiwa siwezi kuwatazama usoni, maana mtoto wa Wete hafai kufundishwa bamvuo.

Tangu siku ile pikipiki inabaki chini ya mvinje, mimi nashuka ufukweni kwa miguu.

Maji baridi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanapoiua mashine.

Mwaka wangu wa kwanza niliosha pikipiki kila Jumapili kwa maji ya kisima cha jirani, ndoo nne, nikijiona mtu wa bidii. Baada ya miezi minane bolti za ekzosi, vichwa vya spoki na kichwa cha betri vilikuwa na kutu rangi ya mchuzi wa papa. Nikaenda kwa fundi wangu kulalamika kwamba hewa ya Wete ina chumvi nyingi. Hakujibu. Alikuja nyumbani, akachovya kidole kwenye ndoo, akaonja.

"Dokta, unaiosha au unaipika?"

Kisima kile kiko karibu na pwani. Maji yake tunafulia, tunaogea, na ulimi wetu umeshayazoea. Nilikuwa naipaka pikipiki chumvi kila wiki kwa mikono yangu na kuiacha ikauke juani.

Basi kwanza, onja maji: unataka maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Mimi sasa nina pipa la maji ya mvua chini ya mchirizi wa bati, na hilo ni la pikipiki peke yake. Watoto wanajua. Ukiwa huna, tumia ya bomba. Ndoo mbili za maji baridi safi ni bora kuliko ndoo kumi za kisima cha pwani.

Subiri injini ipoe mpaka uweze kuweka kiganja. Mwagia kwa kopo kutoka juu kwenda chini, acha tope lilowe dakika 10 lijiachie lenyewe, ndipo upitishe sifongo na sabuni. Usipeleke mpira wa maji wenye nguvu kwenye beringi za magurudumu, shingo ya usukani, wala cheni. Maji yanaingia penye grisi, grisi inatoka, na utajua miezi mitatu baadaye usukani ukianza kugonga. Chini ya madigadi ya nyuma na nyuma ya injini ndipo tope linapojificha, ingiza mkono. Ukimaliza, futa kwa kitambaa kikavu, kisha iwashe uende nayo dakika 5 ili joto likaushe pasipofikika na breki zijifute.

Cheni: mafuta ya taa kwenye mswaki mzee, sugua, futa mpaka kitambaa kitoke safi, kisha oili nzito ya gia matone machache upande wa ndani, na ufute ya juu. Nafanya kila kilomita 500, na kila baada ya tope kubwa hata kama ni jana nilifanya. Usitumie mafuta ya nazi. Najua yapo jikoni na najua yananukia. Yanashika vumbi na kuganda. Cheni ikining'inia, bonyeza katikati: icheze kama upana wa vidole viwili. Ikikazwa sana inakula beringi, ikilegea inaruka meno kwenye mlima, na milima ndiyo tuliyonayo.

Soketi za waya zifungue mara moja kwa mwaka kabla ya masika, pakaa grisi kidogo, funga. Bolti yoyote utakayoitoa, usiirudishe bila grisi kwenye nyuzi zake. Spoki zigonge kwa spana ndogo ukizungusha gurudumu: iliyo nzima inalia, iliyolegea inakohoa.

Fundi

Mafundi wetu ni hodari kwa pikipiki za bodaboda, ambazo wanazifungua wakiwa wanazungumza siasa. Yangu ni tofauti kidogo, na jambo baya ni bolti kukazwa kwa nguvu ya mazoea. Nilichapisha kurasa za mwongozo zenye vipimo, nikazipiga plastiki, nikampa fundi wangu zikae bandani kwake. Siku ya sevisi nakaa hapohapo na chai. Si kwamba simwamini. Ni kwamba tunajifunza wote wawili, na mtu akikaa bolti hazibaki. Oili nabadilisha kabla ya muda wa kitabu, maana safari zangu ni fupi, za mwendo mdogo na joto. Pedi za breki, kebo ya klachi, plagi mbili, chujio la oili: hivi nanunua kabla havijahitajika, kwa sababu kikiagizwa Dar kinapanda meli mbili na zote mbili zina ratiba zao.

Petroli: tangi la lita 15 linanipeleka zaidi ya kilomita 400, na kisiwa chote urefu wake ni kama kilomita 67. Nalijaza linapofika nusu. Meli ya mafuta ikichelewa na foleni ikizunguka kituo, mimi nina wiki nzima. Ukilazimika kununua ya chupa, iache itulie, tazama chini kama kuna maji, mimina kupitia kitambaa na usimalizie ile ya mwisho. Karbureta ikinywa maji, kuna skrubu ya kutolea chini ya bakuli lake. Fungua, acha yatoke, funga.

Ukivuka kwenda Unguja kwa meli kutoka Mkoani, nenda na kamba zako mwenyewe mbili. Iegemeze ukutani, gia iwe ndani, funga kwa usukani na kwa nyuma ili shokapu za mbele zibonyee kidogo, na uwe na kitambaa cha kuwekea kamba inapogusa tangi. Wakati wa kusi rushorusho la bahari linafika mpaka kwenye magari, basi ukishuka tu tafuta maji baridi kabla hujatafuta chai.

Jioni

Mzigo mzito ukae chini na mbele, karibu na magoti yako. Nyuma kabisa ya kiti weka vitu vyepesi tu. Nafungia vipande vya tyubu kuukuu, ambavyo vinashika kuliko kamba ya duka na havikati. Mifuko ya turubai pembeni nimeipenda kuliko masanduku ya bati, kwa kuwa njia za mihogo ni nyembamba na mfuko ukigusa mti unajikunja, sanduku linakugeuza.

Stendi ya kushoto ina kichwa kidogo, na ardhi yetu ikilowa inaimeza taratibu wakati wewe uko zizini mkono umezama ndani ya ng'ombe. Nina kipande cha ubao, kama kiganja, kimetobolewa tundu na kufungwa uzi wa kuvulia wa urefu wa mkono, ncha ya pili iko kwenye usukani. Nakidondosha chini ya stendi nikishuka. Nikishapanda na kuwasha nauvuta uzi, ubao unaning'inia mkononi, naukung'uta tope, naondoka.